Hisa 40 zimekuwa 80: je, nyongeza hiyo ni riba?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naishi Texas. Mwaka 1997 mwenzangu kazini alinishawishi nikanunua hisa 40 za Lockheed Martin, kampuni ya Marekani ya ndege za kivita na silaha. Mwisho wa 1998 nikaletewa taarifa kwamba sasa ninazo 80, na sikutoa hata senti. Nimeziacha hapo hadi leo, gawio, yaani sehemu ya faida wanayogawiwa wenye hisa, linaingia kila miezi mitatu, na bei imepanda sana. Juzi kijana wangu kaniambia zile 40 za nyongeza ni riba. Je, ni kweli? Na zaka yake naitoaje?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh.

Kijana wako amefanya vizuri kukushtua, ila ameshika pasipo. Riba ni ziada inayotozwa juu ya deni, au kuzidishiana katika mali za aina moja zinazobadilishwa. Kilichotokea Desemba 1998 si kimoja wala kingine. Kampuni iligawanya kila hisa moja kuwa mbili, na bei ya kila moja ikashuka nusu. Mtu akienda dukani na noti ya elfu akachenjiwa mia tano mbili, hakuna anayesema ametajirika. Fungu lako katika kampuni lilibaki lile lile. Makampuni hufanya hivyo ili bei ya hisa moja isiwe mzigo kwa mnunuzi mdogo. General Dynamics, jirani yake katika biashara hiyo hiyo, imegawanya mara tatu, 1994, 1998 na 2006. Lockheed Martin, iliyozaliwa 1995 Lockheed ilipoungana na Martin Marietta, haijagawanya tena tangu hiyo ya 1998.

Basi utajiri umetoka wapi? Mwaka 2000 hisa ilianguka chini ya dola 20, na Oktoba 2024 ikapita 600. Siku hiyo hisa zako 80 zilikuwa na thamani ya zaidi ya dola 48,000. Juu ya hapo, gawio limeongezwa kila mwaka tangu 2003, na kampuni imekuwa ikinunua hisa zake yenyewe sokoni, idadi ya hisa ikapungua na fungu la kila aliyebaki likanenepa. Haya yote, kwa umbo lake, ni faida ya ushirika, na ushirika ni halali.

Hata kipimo cha madeni inakipita. Wanazuoni wa AAOIFI, taasisi ya viwango vya fedha za Kiislamu kule Bahrain, wameweka mpaka kwamba deni la riba la kampuni lisivuke asilimia 30 ya thamani yake sokoni. Lockheed Martin ina deni la takriban dola bilioni 20, na thamani yake mwaka 2024 ilizidi bilioni 100. Hesabu zimepita. Ilipokwama ni mlangoni, kabla ya hesabu: inauza nini, na inamuuzia nani?

Silaha yenyewe si haramu kama pombe. Mwenyezi Mungu ametaja chuma katika Suratul Hadid, aya ya 25, kwamba kina nguvu kali na manufaa kwa watu. Na kampuni hii haitengenezi mabomu pekee: hutengeneza pia satelaiti za GPS na chombo cha Orion cha NASA, shirika la anga za juu la Marekani. Lakini ndege ya kivita ya F-35 peke yake ni takriban robo ya mauzo, na karibu robo tatu ya mauzo yote ni kwa serikali ya Marekani.

Sasa rudi kwenye Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu cha fiqhi ya Kishafii tulichokisoma sote tuliokaa mbele ya masheikh wa pwani. Humo, kumuuzia silaha adui aliye vitani nasi hakusihi, na kumuuzia zabibu mkamuaji wa pombe ni katika biashara zilizokatazwa. Zabibu ni halali, muuzaji anashikwa kwa kile anachokijua. Na sahaba Imran bin Huswayn alichukia kuuza silaha wakati wa fitna, yaani Waislamu wanapopigana wao kwa wao. Mnaokumbuka Agosti 2018, basi la watoto wa shule lilipigwa Saada, Yemen, kwa ndege za muungano ulioongozwa na Saudia, wakafa watoto wapatao 40. Wataalamu waliovitazama vipande vya bomu walisema ni vya Lockheed Martin. Gaza sina haja ya kukueleza, F-35 na F-16, ndege za kampuni hii hii, zimeonwa na dunia nzima.

Mwenye hisa ni mshirika, huwezi kusema “mimi nimo kwenye satelaiti tu.” Aya ya pili ya Suratul Maida inasema tusisaidiane katika dhambi na uadui. Hata orodha za hisa za Kiislamu zinazotolewa na MSCI na Dow Jones, mashirika ya takwimu za masoko ya hisa, zote huziondoa kampuni za silaha. Wapo wanazuoni wanaolegeza kwa aliye raia wa nchi inayojilinda, nami nawaheshimu, ila sioni kujilinda katika basi lile.

Kwa hiyo, ziuze. Usisubiri bei ipande tena, hilo ni la nafsi. Mtaji wako ni wako. Gawio ulilokwisha kulila kabla ya kujua silioni juu yako, kwa kuzingatia kauli ya Mola katika Al-Baqara, 275, kwamba aliyefikiwa na mawaidha akaacha, yaliyopita ni yake, ijapokuwa aya yenyewe ni ya riba. Ama faida ya bei, kiasi cha kufikia siku uliyouliza kichukue, na kinachozidi kuanzia siku hiyo, pamoja na gawio jipya, kitoe kwa maskini bila kutarajia thawabu ya sadaka.

Zaka haifuati idadi ya hisa, hufuata thamani. Tuseme 40 zilikuwa za dola 80 kila moja: 3,200. Zikiwa 80 za dola 40: 3,200 vile vile, na zaka ni dola 80, asilimia mbili na nusu. Wewe hukununua ili uuze kesho, hivyo wengi wa wanazuoni wa leo watakutaka utoe juu ya fungu lako la fedha taslimu na bidhaa za kampuni. Hilo ni gumu kulipata kwa miaka ya nyuma, basi toa juu ya thamani ya sokoni mwisho wa kila mwaka ambao mali yako ilifikia nisabu, gramu 85 za dhahabu, na hukutoa. Mtu wa mahesabu anayekujazia kodi atazipata bei hizo kwa nusu saa. Miaka ya zamani isikutishe, deni la zaka hulipwa hata kwa awamu.

Wallahu aalam.