Waandamanaji walipe bili ya polisi?

SWALI: Mwanangu mwandishi, mimi ni mama lishe hapa Mtwara mjini. Mei 2013 kwenye zile fujo za gesi kibanda changu kilivunjwa na masufuria yakaenda yote, mpaka leo sijalipwa hata senti tano. Sasa kijana wangu yuko Tandahimba, yeye na wakulima wenzie wanataka kuandamana maana hela zao za korosho zinacheleweshwa. Kuna mtu kawaambia nchi za wenzetu ukiandamana mji unakuletea bili ya polisi na ya kufagia barabara, na huku kwetu itakuja. Mi moyoni nikasema na ije tu, labda mwaka ule ningelipwa. Nimekosea? — Mama lishe, Chikongola

JIBU: Shikamoo mama, na pole sana, miaka yote hii lakini kibanda ni kibanda, ndo ada za watoto zile. Hujakosea kutaka ulipwe. Ila hiyo bili unayoiombea isingekufikia wewe mama, ingeenda kwa polisi na kwa wazoa taka, na wa kulipishwa angekuwa mtu ambaye hata hakukuona siku ile.

Hebu rudi nyuma kidogo. Tarehe 27 Desemba 2012 watu wa huku waliandamana kupinga bomba la kupeleka gesi Dar, maelfu, wazee kwa vijana, wakatembea mpaka uwanja wa Mashujaa wakasema yao wakarudi makwao. Januari 2013 Masasi majengo yakachomwa, halafu tarehe 22 Mei bajeti ya nishati inasomwa bungeni, mji ukafunga maduka, mabomu ya machozi, nyumba za watu zinaungua, wanajeshi wakaletwa. Sasa ingekuwepo hiyo sheria, bili ya Mei angepelekewa nani? Aliyerusha jiwe katika giza la moshi hajulikani jina. Anayejulikana jina ni yule mzee aliyesimama Desemba na kipaza sauti akaongea kwa adabu, anwani yake ipo, basi atatafutwa yeye. Hilo ndo linaloniuma kwenye jambo hili.

Ni kweli wapo wanaofanya hivyo. Uswisi, sheria ya polisi ya jimbo la Bern inaruhusu kutoza mpaka faranga 10,000 pakitokea vurugu, na ikiwa nzito mpaka 30,000. Afrika Kusini wana sheria ya mikusanyiko ya 1993, waandaaji wanabeba hasara ya fujo wasipoonyesha kwamba walijitahidi kuzizuia na hawakuzitegemea. Mwaka 2006 walinzi wa makampuni waliandamana Cape Town, vibanda vikaporwa na magari yakavunjwa, wenye mali wakaenda mahakamani, na 2012 Mahakama ya Katiba ikakubali kuwa chama cha wafanyakazi kinaweza kudaiwa. Kesi ile naielewa, maana pale wenye mali ndo walikuwa wanadai, watu kama wewe. Bili ya polisi ni kitu kingine kabisa.

Sikiliza na hii ya Marekani. Kaunti moja ya Georgia, Forsyth, mwaka 1987 watu waliandamana kudai haki za weusi, wakashambuliwa kwa mawe, wiki iliyofuata wakarudi watu kama 20,000 na ulinzi ukala zaidi ya dola 670,000. Kaunti ikatunga sheria, ukitaka kuandamana unalipa mpaka dola 1,000 kwa siku na ofisa ndo anaamua kiasi. Waliokwenda nayo mahakamani wala hawakuwa watu wema, walikuwa wanapinga sikukuu ya Martin Luther King, yule mtetezi wa haki za weusi. Mwaka 1992 Mahakama ya Juu ikaifuta hata hivyo, kwa sababu ukipanga bei kwa kuangalia askari wangapi watahitajika, basi anayechukiwa zaidi ndo analipa zaidi. Yaani wakulima wa Tandahimba wakitishiwa na watu wasiowataka wao ndo waongezewe bili, hiyo haki iko wapi?

Na polisi mama tumeshawalipa. Wewe kila asubuhi unakata ushuru pale sokoni, ukinunua sukari kodi imo, askari anaishi kwa hiyo. Mwenge ukipita barabara zinafungwa na askari wanajaa, mechi ikichezwa Nangwanda Sijaona taka zinabaki mpaka nje, na mtu aliyesimama tu kushangilia hapelekewi bili. Kwa nini anayedai hela ya korosho zake apelekewe?

Aliyevunja akamatwe, afikishwe mahakamani, alipe, tena kwa jina lake. Na asipopatikana? Hapa mi nawapenda Waingereza, tangu 1886 wana sheria kwamba fujo zikiharibu mali yako unadai kwenye mfuko wa polisi, 2016 wakaiandika upya lakini msingi ni uleule, ulinzi ulikuwa kazi yao. Sheria ya namna hiyo ndo ningetamani wabunge wetu waipeleke, ningekuwa wa kwanza kukusindikiza ukajaze fomu.

Mwambie kijana asitishwe na maneno ya kijiweni. Katiba ibara ya 20 inampa haki ya kukutana na wenzie kwa amani, na sheria ya polisi kifungu cha 43 inataka taarifa ya maandishi kwa mkuu wa polisi wa eneo si chini ya saa 48 kabla, waandike mahali, muda na lengo. Kifungu hicho hakidai malipo yoyote. Polisi wanaweza kuzuia wakiona amani itavunjika, hilo wajiandae nalo, kwa hiyo barua waipeleke mapema na nakala yao igongwe muhuri waitunze, na wachague vijana wao wenyewe wa kusimama pembeni mwa msafara, hasa pale utakapopita karibu na vibanda vya mama lishe.