Unaweza kuishi kwa biti zisizo na mwimbaji hapa Dar?

Mkuu, umeuliza kama kijana wa miaka 22 anayetengeneza biti za fujo, zisizo na mtu anayeimba, anaweza kuishi kwa kazi hiyo hapa Dar, huku bi mkubwa akikutaka urudi chuo. Nakujibu kwa yaliyonikuta mimi hapa Manzese tangu 2014.

Biti zenyewe hazikulishi, hilo lijue mapema. Miaka minne ya mwanzo nilikula kwa kurekodi madogo wa mtaani wanaochana singeli, elfu kumi wimbo, na wapo waliolipa elfu tatu na sahani ya chipsi. Mambo yangu nilifanya usiku. Nachukua kipande cha kinanda cha taarabu, sekunde mbili tu, nakizungusha, napandisha kasi mpaka mapigo 240 kwa dakika. Kikifika hapo si kinanda tena, ni cherehani. Juu yake naweka mlio wa baiskeli ya muuza koni. Mama mwenye nyumba alinigongea mlango kuuliza kama kompyuta imeharibika.

Usijipime studio, utajidanganya. Mimi nilipima kwenye kigodoro, zile sherehe za mtaani za kukesha. DJ mshikaji wangu aliichomeka biti yangu moja katikati ya nyimbo mbili, saa nane usiku. Dakika ya kwanza watu walikata mauno kama kawaida, ya pili dada mmoja akasimama, akamgeukia DJ: "Mbona huyu haanzi kuimba?" Nilicheka, lakini nilirudi nyumbani nikaipunguza urefu ile biti, nusu nzima.

Mlango ulifunguliwa na wenzetu. Mwaka 2017 lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilitoa albamu ya Sounds of Sisso, kazi za singeli za vijana wa studio ya Sisso, Mburahati. Huku ilikuwa ngoma ya uswahilini ya kuchezea vumbi, kule Ulaya wapenzi wa muziki wa elektroniki wa majaribio wakaona hawajawahi kusikia kitu kama hicho. Baada ya hapo hata sisi wa pembeni tukaanza kupata meseji.

Yangu ilikuja nikiwa sina faili. Lebo ndogo ya nje ilitaka nyimbo tisa, kwa WAV, yaani faili zisizobanwa kama MP3, kila sauti peke yake. Sasa mimi nilikuwa natumia kompyuta ya studio ya mtu, na fundi alikuwa ameipiga Windows mpya bila kuuliza. Kila kitu kimekwenda. Nikaenda kwenye kibanda cha wachoma nyimbo, nikazikuta nyimbo zangu kwa MP3 zinazokwaruza, na dogo wa pale akanitoza shilingi 200 kwa kila moja. Nyimbo zangu mwenyewe! Nilikaa miezi mitatu nikizijenga upya kwa kusikiliza. Tano zikapona. Leo nina hadi disk mbili, moja inalala kwa dada yangu Mbagala.

Hela ipo kwenye shoo za nje, ila nayo ina mambo yake. Shoo ya Ujerumani tulikubaliana euro 400, nikapokea 336 na senti. Nilidhani nimepigwa, kumbe kule msanii mgeni anakatwa kodi ya 15% na nyongeza kidogo juu yake. Siku hizi kabla ya kusema ndiyo nauliza: hiyo ni kabla ya kodi au baada? Viza ya Schengen, ile ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, nayo ni euro 90, ukinyimwa hairudi, na maombi yanatakiwa yafike siku 15 kabla ya safari kwa uchache. Mwalikaji akikuandikia barua zikiwa zimebaki wiki mbili, mshukuru, kaa nyumbani.

Halafu kuna ukame. Nimewahi kurudi Novemba na mfuko umetuna, simu isiite tena mpaka Mei.

Kuhusu chuo, kama ada imeshalipwa, maliza bwana, usiku bado ni wako. Mimi mwezi uliopita sikuwa na shoo hata moja. Nilirekodi madogo kumi na mmoja, sasa hivi ni elfu ishirini wimbo, na hiyo ndiyo iliyonunua Luku.