Yule panya wa mistari uliyemwona Horombo

Huyo uliyemwona mchana kweupe pale Horombo, kambi ya wapanda mlima Kilimanjaro, anaokota makombo nje ya vibanda, si panya wa nyumbani aliyepanda mlima na mizigo ya wapagazi. Ni panya wa milia, mwenyeji kabisa. Jina lake la kisayansi ni Rhabdomys. Mtambue kwa mistari minne myeusi mgongoni.

Horombo iko mita 3,720, na usiku maji huganda. Ndiyo maana mchana unamfaa: anatoka jua likishapanda, kisha usiku anajikunyata katika kiota cha nyasi kavu. Angalia chini ya mashuke ya nyasi utaona vinjia vyembamba, kama barabara zake. Humo anakimbia ili mwewe asimwone. Chakula chake ni mbegu, majani machanga, matunda na wadudu. Mimba ni kama siku 23 tu, na huzaa watoto watano hivi kwa mkupuo.

Biskuti usimpe, hata akikukodolea macho. (Najua, ni mzuri mno!) Na mkoba funga zipu, maana anatoboa.