"Wapi?": tafakuri ya insha iliyokwisha kuandikwa

SWALI

Assalamu alaykum, Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa ualimu wa mwaka wa pili, na kwetu ni Langoni, Lamu. Muhula huu tulipewa insha ya utafiti ya maneno 4,000 kuhusu kazi moja ya mikono ya pwani, nami nikachagua uundaji wa majahazi kijijini Matondoni, anakofanyia kazi ami yangu. Insha hiyo ilinitoa jasho: rasimu ya kwanza ilirudi imejaa wino mwekundu, ya pili vilevile, na nakala ya mwisho niliimaliza usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha. Sasa mkufunzi anataka ukurasa mmoja wa tafakuri juu ya namna nilivyoiandika. Nimeeleza kwamba kazi ilikuwa ngumu, kwamba nimejifunza uvumilivu, na kwamba namshukuru kila aliyenisaidia. Ameurudisha ukurasa huo akiwa ameandika pembeni neno moja tu: "Wapi?" Anataka nini zaidi, ilhali kazi yenyewe nimekwisha kuimaliza? Nimekuambatishia rasimu zote.

Mwanafunzi, Lamu

JIBU

Wa alaykumu ssalamu, mwanangu, na hongera kwa kukifikisha chombo bandarini.

Mkufunzi wako hakukuonea. "Nimejifunza uvumilivu" ni sentensi ambayo hata aliyeshinda kwenye foleni ya maji angeweza kuiandika, na ndiyo maana akauliza wapi: ni katika aya gani, mbele ya neno gani, ulipolazimika kuvumilia? Nimezisoma rasimu zako nikiwa nimezitandaza mezani pamoja, na jibu lake limo humo.

Tazama aya ya kalafati, yaani kazi ya kuziba mianya ya mbao za chombo. Rasimu ya kwanza ilisema: "Pamba hutiwa kati ya mbao ili maji yasipenye." Ni kweli, lakini sentensi hiyo haina mtu. Katika nakala ya mwisho fundi anaisokota pamba, anaichovya katika mafuta, anaishindilia kwa patasi butu katika kila mwanya, na anajua kwamba mwanya umejaa kwa kuusikiliza mlio wa nyundo unavyobadilika. Mambo hayo huyajui kwa kukaa Langoni. Bila shaka ulirudi Matondoni, ukachuchumaa ubavuni mwa jahazi, ukasikiliza. Tafakuri yako haisemi neno hata moja juu ya safari hiyo, wala juu ya alama ya wino iliyokutuma.

Mahali pa pili ni pazito zaidi. Katika rasimu ya pili ami yako anaeleza mato ya jahazi, yaani zile duara za mbao zenye mwezi na nyota zinazopigiliwa pande mbili za omo, sehemu ya mbele ya chombo, na maneno yake umeyanukuu kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, kama alivyoyatamka. Katika nakala ya mwisho mato yamekuwa macho, nti imekuwa nchi, mai yamekuwa maji, na ami anazungumza kama msoma taarifa ya habari redioni, lugha ambayo sidhani amewahi kuitumia akiwa na tezo mkononi. Hata hivyo, mkuku (uti wa chini wa chombo) na mataruma (mbavu zake) umeyaacha palepale, ukayafafanua. Kwa nini haya yabaki na yale yaondoke?

Kiswahili sanifu unachotahiniwa kina historia yake: mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wake, na Kiamu, kilichokuwa kimebeba tenzi tangu zamani za kale, hakikuchaguliwa. Kwa hiyo ulipolifuta neno la ami yako hukuwa ukisahihisha tahajia tu. Sisemi kwamba ulikosea. Huenda ulichelea kupunguziwa alama, au huenda ulimfikiria msomaji wa Kitale asiyejua nti ni nini. Sababu zote mbili zinaeleweka, ila ni mbili, na ukurasa wako unapaswa kusema ni ipi iliyouongoza mkono wako usiku ule. Ikiwa ni hofu ya alama, iandike hivyo hivyo. Nimesahihisha tafakuri kwa miaka mingi, na sikumbuki kumpunguzia alama mwanafunzi aliyekiri kwamba aliniogopa. (Waliodai kwamba kila hatua iliwafurahisha ndio walionichosha.)

Shukrani zifupishe ziwe sentensi moja. Nukuu sentensi mbili za kalafati, ya zamani na mpya, kisha uingie katika suala la mato, ambalo lafaa lichukue zaidi ya nusu ya ukurasa. Taja pia kwamba aya yako kuhusu boti za fibaglasi ni nyepesi, kwa sababu hiyo, ukiniruhusu kukisia, ndiyo uliyoiandika usingizi ukiwa umekulemea. Mkufunzi amekwisha kuiona, na ni afadhali aisikie kwako.

Na kabla hujauwasilisha ukurasa huo, msomee ami yako aya ya mato kwa sura zake zote mbili, umwulize ni ipi anayoitambua kuwa yake. Atakalolijibu, akikuruhusu, liandike kwa maneno yake mwenyewe.