Mkojo umerudi kwa wingi: je, figo zimepona?

SWALI: Daktari, mume wangu aliugua malaria kali, figo zikashindwa kufanya kazi, akasafishwa damu kwa mashine. Wiki hii mkojo umerudi, tena mwingi mno, unafikia lita tano kwa siku, lakini kipimo cha kreatinini bado kiko juu. Je, amepona? Nimpunguzie maji? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Pole kwa kuuguza, dada. Hiyo ni dalili njema, ila hajapona bado, na tafadhali usimnyime maji.

Figo zenye afya huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu kila siku, kisha mirija yake midogo hurudisha karibu yote mwilini, ikabaki lita moja au mbili tu ya mkojo. Malaria kali huiumiza sana mirija hiyo. Inapojijenga upya, seli zake changa huwa hazijaweza kurudisha maji na chumvi inavyopasa, ndiyo maana mkojo hutoka mwingi na mweupe, ilhali uchujaji wenyewe ungali hafifu na kreatinini, yaani taka ya misuli ambayo figo hupaswa kuitoa, inazidi kubaki kwenye damu. Kwa kawaida kipimo hicho huanza kushuka siku chache baadaye.

Ninachokihofia katika kipindi hiki ni kukaukiwa maji na kupungukiwa potasiamu, madini yanayosaidia misuli na moyo kufanya kazi, kwa kuwa mgonjwa aliyekaukiwa anaweza kuumia figo mara ya pili. Pima mkojo kwa jagi lenye alama, mpime uzito kila asubuhi kabla hajala, na uandike, kwani kwa hesabu hiyo daktari wake atapanga kiasi cha maji, asimnyweshe kidogo wala kupita kiasi. Akisikia kizunguzungu anaposimama, misuli ikilegea au moyo ukienda mbio, mrudisheni hospitalini siku hiyohiyo. Ndizi, machungwa na madafu, ambavyo vina potasiamu nyingi na huenda alikatazwa mkojo ulipokuwa haba, asirudishiwe kwa kukisia. Kipimo cha potasiamu ndicho kiamue.

Asitumie diklofenaki wala ibuprofeni kwa maumivu yoyote. Dawa za mitishamba za kusafisha figo naziogopa zaidi, kwa sababu baadhi yake huziharibu figo hizohizo.

Baada ya miezi mitatu apimwe tena kreatinini, protini kwenye mkojo na shinikizo la damu, hata akijisikia mzima. Aliyekonda kwa ugonjwa hutengeneza kreatinini kidogo kwa kuwa misuli yake imepungua, hivyo kipimo kinaweza kuonekana kizuri kuliko hali halisi ya figo. Mwambieni daktari amepungua kilo ngapi.