Maswali na Majibu: Mahekalu ya Uttarakhand, Nyumba Zenye Wenyewe

Jimbo la Uttarakhand liko kaskazini mwa India, likipakana na Tibeti kwa upande wa kaskazini na Nepali kwa upande wa mashariki, na limegawanyika katika maeneo mawili ya kale, Garhwal upande wa magharibi na Kumaon upande wa mashariki. Wahindu huliita Devbhumi, yaani nchi ya miungu. Wasomaji wameniletea maswali mengi kuhusu mahekalu ya huko, nami nina ombi moja kabla sijayajibu: tuyatazame mahekalu hayo kama wenyeji wanavyoyatazama, kwa maana kwao hekalu ni nyumba yenye mwenyewe, ambaye huamshwa asubuhi, hulishwa, huvishwa, na huhama baridi inapozidi.

Mimi ni mwongoza watalii wa Moshi. Nasikia kuna mahekalu manne makuu. Ni yapi, na yako juu kiasi gani?

Ni Yamunotri, Gangotri, Kedarnath na Badrinath, na mahujaji huyazuru kwa mpangilio huo, kutoka magharibi kwenda mashariki. Mawili ya kwanza ni ya mito inayoabudiwa kama miungu wa kike, Yamuna na Ganga. La tatu ni la Shiva na la nne ni la Vishnu, miungu wawili wakuu wa Kihindu. Yote yako kwenye mita 3,000 na zaidi, na Kedarnath limefika mita 3,583. Hata hivyo liko hekalu jingine la Shiva lililo juu zaidi, Tungnath, kwenye mita 3,680, ambayo ni mita 40 tu chini ya kambi yenu ya Horombo kule Kilimanjaro. Gangotri na Badrinath hufikiwa kwa gari. Kedarnath ni mwendo wa kilomita 16 hivi kutoka Gaurikund, na asiyeuweza hupanda nyumbu, hubebwa kwa machela, huketi katika kikapu mgongoni mwa mpagazi, au hulipia helikopta.

Kuhusu Yamunotri niongeze jambo moja. Kando ya hekalu iko chemchemi inayotokota, Surya Kund. Hujaji hufunga mchele na viazi katika kitambaa chepesi, hukitumbukiza kwa kamba, na hukitoa chakula kikiwa kimeiva. Sehemu ya chakula hicho hukaushwa na kupelekewa jamaa waliobaki nyumbani, ambao hula punje chache kama waliofika wenyewe.

Ni kweli kwamba mahekalu hayo hufungwa nusu mwaka? Je, mungu wao hubaki na nani? (Nairobi)

Ni kweli. Theluji huanza kuziba njia mwishoni mwa mwaka, na hakuna anayeweza kuishi huko. Milango ya Yamunotri na Gangotri hufunguliwa katika sikukuu ya Akshaya Tritiya, ambayo huangukia Aprili au Mei, kisha yale mengine mawili hufuata baada ya siku chache. Kedarnath hufungwa siku ya Bhai Dooj, mara tu baada ya Diwali, sikukuu ya taa, na Badrinath hufungwa Novemba.

Lakini mungu haachwi peke yake. Sanamu yake ya kubebwa huwekwa katika machela iliyopambwa kwa nguo na maua, ikatelemshwa kwa ngoma na tarumbeta, kijiji hadi kijiji, mpaka kwenye makao ya majira ya baridi. Wa Kedarnath hushukia Ukhimath, Ganga hushukia kijiji cha Mukhba, na Yamuna hushukia Kharsali. Wenyeji wa mabonde ya juu nao walizoea tangu zamani kushuka na mifugo yao wakati huo huo na kupanda tena majira ya joto. Kwa hiyo mungu huishi kwa kalenda ya majirani zake, na nadhani hilo hueleza dini ya milima ile kuliko maandishi mengi.

Badrinath lina utaratibu wake. Sanamu kuu, ya jiwe jeusi, hubaki ndani. Siku ya kufunga, kuhani mkuu huifunika kwa blanketi la sufi lililofumwa na wanawake wa Mana, kijiji cha jirani kuelekea mpaka wa Tibeti, na blanketi hilo hupakwa samli kwanza ili limkinge mwenye nyumba na baridi. Taa huachwa ikiwaka. Imani ya waumini ni kwamba wanadamu wana zamu yao ya ibada, miezi sita, na miezi sita iliyobaki ni zamu ya miungu. Milango inapofunguliwa tena, umati hugombea kuiona taa ile kabla ya kitu kingine chochote. Mafuta ya kumpaka mungu kwa msimu mzima ni ya ufuta, nayo hukamuliwa kwa mikono na wanawake walioolewa, waliovaa nguo za manjano, katika kasri la Narendranagar la ukoo wa wafalme wa zamani wa Tehri.

Kwa nini hekalu la Kedarnath halikubomoka katika gharika ya 2013, wakati mji mzima ulikwenda na maji? (Dodoma)

Tarehe 16 na 17 Juni 2013, mvua kubwa isiyo ya kawaida iliinyeshea milima ambayo bado ilikuwa na theluji. Juu ya Kedarnath lilikuwapo ziwa dogo la Chorabari, lililozuiwa na ukuta wa mawe na kifusi kilichoachwa na barafu. Ukuta huo ulipasuka, na maji yakashuka na mawe na matope juu ya mji uliojaa mahujaji. Katika jimbo zima watu zaidi ya 5,000 walikufa au hawakuonekana tena.

Nyuma ya hekalu alikutwa amekaa mlinzi asiyetarajiwa: mwamba mkubwa ulioviringishwa na mafuriko yenyewe, ukakwama hatua chache kutoka ukutani, ukayagawa maji yakapita pande zote mbili. Waumini wameuita Bhim Shila, jiwe la Bhima, yule ndugu mwenye nguvu katika Mahabharata, utenzi wa kale wa India, na sasa wanauabudu. Mwenye imani ana haki ya kusema alichokiona. Mimi naongeza kwamba hekalu lenyewe limejengwa kwa mawe mazito mno juu ya jukwaa imara, ilhali nyumba nyingi za wageni zilizokwenda na maji zilikuwa za miaka ya karibuni, zimejengwa hadi ukingoni mwa mito, mahali ambapo maji yalikuwa yamepita zamani na yakarudi kuidai njia yao. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu waliolala katika nyumba hizo hawakuwa na namna ya kujua.

Jina la Bhima halikuja hapo bure. Inasimuliwa kwamba ndugu watano wa Pandava, Bhima akiwa mmoja wao, baada ya vita vya kuuana na jamaa zao, walimtafuta Shiva wamwombe msamaha, naye akawakimbia kwa umbo la fahali. Alipozama ardhini, nundu yake ilibaki Kedarnath, ndiyo maana kinachoabudiwa humo ni mwamba wenye umbo la pembetatu. Mikono ilitokea Tungnath, uso Rudranath, kitovu Madhyamaheshwar na nywele Kalpeshwar. Hayo matano huitwa Kedar Tano.

Jirani yetu, mzee wa Kigujarati, anasema Char Dham yake ilianzia Dwarka, kando ya bahari. Amekosea? (Mombasa)

Hajakosea. Char Dham maana yake ni makao manne, na mzunguko mkubwa wa jina hilo unaizunguka India nzima: Badrinath kaskazini, Puri mashariki, Rameswaram kusini na Dwarka magharibi, huko huko Gujarat walikotoka wazee wengi wa Kihindu wa pwani yetu. Yale manne ya Uttarakhand ni mzunguko mdogo uliopewa jina hilo hilo, na Badrinath pekee limo katika mizunguko yote miwili.

Makuhani wa huko ni watu wa milimani? (Bukoba)

Wengi ni wa huko, lakini wakuu wa mahekalu mawili makubwa wanatoka kusini kabisa. Rawal, yaani kuhani mkuu, wa Badrinath huwa Mbrahmini, mtu wa tabaka la makuhani, wa ukoo wa Nambudiri kutoka Kerala, tena asiye na mke, na Rawal wa Kedarnath hutoka katika jamii ya Virashaiva, wafuasi wa Shiva, ya Karnataka. Mapokeo yanaunganisha desturi ya Badrinath na Shankara, mwanafalsafa wa Kerala anayesemekana kulihuisha hekalu hilo katika karne ya 8. Fikiria kijana aliyezaliwa chini ya minazi, akitumikia miaka yake chini ya vilele vya theluji.

Je, mahekalu yote ni ya miungu wakubwa? Mtu mnyonge huomba wapi? (Goma)

Swali lako limenigusa, kwa kuwa jibu lake liko Chitai, karibu na mji wa Almora katika Kumaon. Mwenye hekalu ni Golu, ambaye masimulizi yanamfanya mtoto wa mfalme aliyedhulumiwa akiwa mchanga na baadaye akawa mtawala wa haki, apandaye farasi mweupe. Kumaon nzima humwita mungu wa haki. Ukipita langoni unakutana na kengele, maelfu kwa maelfu, za shaba, nyingine ndogo kama kidole gumba, nyingine zisizobebwa na mtu mmoja, zimening'inia juu ya njia, kwenye nguzo na kwenye kuta. Katikati ya kengele zimefungwa barua. Nyingine zimeandikwa kwenye karatasi ya daftari la shule. Nyingine kwenye karatasi rasmi yenye stempu, ile ya mahakamani, zikieleza shauri kwa utaratibu: shamba lililonyang'anywa, kesi isiyokwisha, ajira, mtihani, mume aliyetoweka. Wino wa zile za zamani umechujuka kwa mvua. Aliyejibiwa hurudi kufunga kengele, kwa hiyo kila kengele ni shauri lililokwisha.

Wanawake wana nafasi gani katika ibada za huko? (Zanzibar)

Nitajibu kwa Nanda Devi. Ni jina la kilele cha mita 7,816, na pia ni jina la mungu wa kike ambaye watu wa Garhwal na Kumaon humhesabu kuwa binti yao, aliyeolewa na Shiva na kwenda kuishi barafuni. Kila mwaka humsindikiza kurudi ukweni, na takribani kila miaka 12 hufanya msafara mkuu, Raj Jat, kama ule wa 2014: kilomita 280 hivi kwa miguu, karibu wiki tatu, kutoka kijiji cha Nauti hadi Homkund. Anayetangulia ni kondoo dume mwenye pembe nne, aliyefungwa mgongoni mizigo ya bibi harusi: nguo, vito, vyakula. Katika kila kijiji wanawake hutoka kumpokea binti, humwimbia nyimbo za kuagana na hulia machozi ya kweli, maana wengi wao waliolewa mbali na mama zao na njia ile wanaijua. Huko Homkund ndugu husimama, na kondoo huachiwa apande peke yake kuelekea kilele.

Barabara mpya hazitaharibu utakatifu wa mahali hapo? (Arusha)

Nahofia zaidi mlima wenyewe. Tangu mwishoni mwa 2016 serikali imekuwa ikipanua karibu kilomita 890 za barabara za kwenda kwenye mahekalu manne. Wenyeji wanazihitaji, hata mjamzito anayekimbizwa hospitali anazihitaji. Lakini Himalaya ni milima michanga, mawe yake yamevunjika ndani kwa ndani, na ukikata mguu wa mteremko, mteremko utashuka. Januari 2023 nyumba za Joshimath, mji wa njiani kwenda Badrinath, zilipasuka na familia nyingi zikahamishwa. Novemba mwaka huo huo handaki la Silkyara, kwenye njia ya Yamunotri, liliporomoka na kuwafungia wafanyakazi 41 kwa siku 17. Wote walitolewa wakiwa hai. Maoni yangu ni kwamba idadi ya mahujaji wa kila siku iwekewe ukomo na ukomo huo usilegezwe, hata kama wenye hoteli watalalamika.

Nina miaka 71 na moyo wangu hauruhusu kupanda juu sana. Nikifika India, ni hekalu gani la milimani ninaloweza kulizuru? (Tanga)

Shikamoo mama. Nenda Jageshwar, katika wilaya ya Almora, penye urefu wa chini ya mita 1,900 na barabara inayofika mlangoni. Huko yako mahekalu ya mawe zaidi ya 100, mengi yakiwa ya kati ya karne ya 7 na ya 12, yamekusanyika katika bonde jembamba lenye kijito. Mengine ni minara mirefu, mengine hayazidi kimo cha mtoto. Treni itakufikisha Kathgodam, na kutoka hapo ni gari kwa saa kadhaa, kwa hiyo lala Almora usiku mmoja. Hekalu halifungwi majira ya baridi, ila chukua shali nzito, na soksi nene pia, kwa sababu viatu huachwa nje na mawe ya sakafu ni baridi. Fika mapema, kabla jua halijavuka vilele vya mierezi, wakati ubani wa sala ya asubuhi bado umetanda juu ya kijito.