Kuonyesha unga na arosto jukwaani

Mwalimu, umeuliza kikundi chenu hapo Mtwara kionyesheje unga (heroini) na arosto, yaani mateso ya teja akikosa dozi, kwenye mchezo wa mama tajiri mpenda sifa na mwanawe teja. Kete, kile kipakiti cha unga, iwe tupu. Msitie poda ya mtoto wala unga wa ngano: mwigizaji akivuta, vumbi linaingia mapafuni na kikohozi kinameza maneno yake. Awape watazamaji mgongo, ainame, kisha afute pua, wataelewa.

Arosto ya heroini wengi huiharibu kwa mayowe. Huanza baada ya saa 8 hadi 12 tangu dozi ya mwisho na hukaza siku ya 2 na ya 3: miayo, makamasi, machozi, jasho, vipele vya baridi, tumbo kusokota. Basi aanze na miayo tu, mezani, wageni wa mama wakicheka, miguu haitulii. Akishapata unga, asinzie akiwa amesimama.

Kioo cha mama kiwe fremu tupu inayoelekea watazamaji, waone uso wake anapojitazama. Kioo halisi huwarudishia taa machoni. Mkikosa fremu, tumieni kioo halisi lakini kipakeni sabuni ya mche iliyo kavu kisirudishe mwanga. Vipodozi kidogo tu, kwa joto la hapo Mtwara vitatiririka.